Swala, Sabato na hijabu kazini Marekani: jinsi ya kuomba nafasi ya dini yako bila kupoteza kazi

Ukiajiriwa Marekani, iwe kiwanda cha nyama Colorado, ghala la mizigo Ohio au makao ya wazee Texas, sheria inamtaka mwajiri akupe nafasi ya kutimiza dini yako, mradi jambo hilo lisimletee mzigo mkubwa. Lakini sheria hiyo haiji kukutafuta kwenye mashine yako. Mwajiri asiyejua shida yako hana la kurekebisha, na wengi wetu tumelelewa kutomsumbua mkubwa wa kazi. Tunasema, "Samahani bosi, Jumamosi nina udhuru kidogo," tukidhani ujumbe umefika. Haukufika. Alichosikia ni mtu anayekwepa zamu ya wikendi.

Mwongozo huu ni wa Mwislamu anayetaka kuwahi swala katikati ya zamu, Msabato aliyepangiwa Jumamosi, na mama wa Kikongomani ambaye kanisa lake halimruhusu kuvaa suruali, na sare ya kazi ni suruali. Haushiki nafasi ya wakili. Utakusaidia usiharibu mambo kabla hujamfikia wakili.

Sheria yenyewe

Inayokulinda ni Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliongeza kwamba dini ni pamoja na ibada na matendo, si imani ya moyoni tu, na kwamba mwajiri lazima aipe nafasi isipokuwa athibitishe kuwa hawezi bila kuielemea biashara yake. Anayetakiwa kuthibitisha ni yeye.

Kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa kama kisu butu. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Larry Hardison, mfanyakazi wa shirika la ndege la TWA mjini Kansas City aliyeshika Sabato ya Jumamosi, ikasema mwajiri halazimiki kubeba gharama inayozidi kiasi kidogo mno. Tangu hapo kampuni nyingi zilijibu "hatuwezi" na mahakama zikaitikia.

Mambo yalibadilika tarehe 29 Juni 2023. Gerald Groff, mpeleka barua wa Pennsylvania, Mkristo asiyefanya kazi Jumapili, alikuwa ameacha kazi ya posta mwaka 2019 baada ya kuandamwa kwa kukataa zamu za Jumapili, siku ambayo posta ilikuwa imeanza kusambaza vifurushi vya Amazon. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba kumkatalia mfanyakazi kunahitaji sababu nzito: mwajiri aonyeshe kuwa gharama zake zingeongezeka kwa kiasi kikubwa, ukilinganisha na ukubwa na aina ya biashara yake. Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi haiwezi tena kujificha nyuma ya ovataimu ya mtu mmoja mara moja moja. Na manung'uniko ya wenzako kwa sababu hawaipendi dini yako, au hawapendi wazo la mtu kupewa nafasi kwa ajili ya dini, hayahesabiki kabisa.

Kwa hiyo ukiambiwa na mtu aliyekaa Marekani tangu zamani kwamba "huku hawajali mambo ya dini, usijisumbue," ujue anazungumzia hali ya kabla ya 2023.

Hatua ya kwanza: hakikisha sheria hii inakugusa

Sura ya VII inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Duka la mtu na mkewe halimo. Lakini majimbo mengi yana sheria zake zinazoshuka chini zaidi: California inaanzia wafanyakazi 5, na New York inamgusa hata mwajiri wa mfanyakazi mmoja. Usikate tamaa kabla ya kuuliza kuhusu jimbo lako.

Ukiwa umeletwa na wakala wa ajira, kama wengi wanavyoanza kwenye maghala, mara nyingi una waajiri wawili kwa pamoja: wakala anayekulipa na kampuni unayofanyia kazi. Peleka ombi kwa wote wawili. Mchezo wa "kamwulize wakala", "hapana, kamwulize msimamizi wa ghala" ni maarufu, na barua moja iliyotumwa kwa wote siku moja inaumaliza.

Walio nje ni wanaojiajiri kimkataba: dereva wa Uber, mpeleka chakula wa DoorDash, yeyote anayelipwa kwa fomu ya 1099, ile fomu ya kodi ya wasio waajiriwa, na kweli anajipangia kazi zake. Nasema "kweli" kwa sababu kuna kampuni zinazompa mtu fomu ya 1099 huku zikimpangia kila kitu. Huyo anaweza kuwa mwajiriwa machoni pa sheria hata kama karatasi inasema vingine.

Karatasi za uhamiaji je? Sura ya VII inamlinda mfanyakazi bila kuangalia hadhi yake ya uhamiaji. Mkimbizi, mwenye kadi ya kijani, anayesubiri uamuzi wa hifadhi, wote wamo. Kama huna kibali cha kazi, zungumza kwanza na wakili au shirika la msaada wa sheria, kwa maana fidia unazoweza kupata zinaweza kupungua.

Dini gani inahesabika? Yoyote, mradi unaiamini kwa dhati. Si lazima kanisa lako lisajiliwe, wala si lazima waumini wote wafanye kama wewe. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilimtetea William Frazee, mtu wa Illinois aliyejiita Mkristo bila kuwa mshirika wa kanisa lolote, alipokataa kazi ya Jumapili. Hapa pana jambo linalowahusu sana Wasabato wanaofanya kazi kwenye makao ya wazee. Wengi wao huona kumhudumia mgonjwa siku ya Sabato si kosa. Wengine hawataki kabisa kazi ya mshahara siku hiyo. Usiandike kwamba "kanisa langu linakataza" kama mwenzako Msabato anafanya zamu hiyo hiyo kila Jumamosi. Andika dhamiri yako inavyokuamuru. Hiyo ndiyo inayolindwa.

Hatua ya pili: jua hasa unachoomba, kwa saa na dakika

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, kwa sababu ya jua. Mtu aliyekulia Mombasa au Bukavu amezoea magharibi isiyohama sana mwaka mzima. Minneapolis mwezi Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu alasiri, yaani 4:30 kwenye simu yako. Mwezi Juni linazama saa tatu usiku. Kwa hiyo Mwislamu wa zamu ya mchana atahitaji nafasi ya magharibi wakati wa baridi, na kiangazi hataihitaji kabisa. Msabato anayetoka kazini Ijumaa saa kumi na moja jioni hana tatizo lolote Julai, lakini Desemba Sabato inaanza yeye akiwa bado amevaa sare.

Usimwambie meneja "nataka muda wa kuswali mara tano." Atapiga hesabu ya mashine kusimama mara tano. Mwonyeshe jedwali. Katika zamu yenye urefu wa saa nane swala zinazoangukia kazini mara nyingi ni moja au mbili, na kila swala ina dirisha lake, si dakika moja tu. Adhuhuri ina saa kadhaa kabla ya alasiri kuingia, hivyo pengine inamezwa na mapumziko ya chakula. Magharibi ndiyo yenye dirisha fupi, na ndiyo inayozua ugomvi viwandani. Chapa nyakati za mwaka mzima za mji wako, paka rangi zile zinazogongana na kazi, kisha andika unahitaji dakika ngapi. Meneja akiona kwamba tatizo ni dakika kumi, kwa miezi minne, sura yake hubadilika.

Sikukuu za Idi nazo zinahitaji akili, kwa sababu mwezi hauandami kwa kalenda ya HR, yaani idara ya wafanyakazi. Omba mapema ukitaja siku mbili, ukieleza kwamba utathibitisha usiku wa kuamkia. Ukiomba siku moja kisha mwezi ukakataa kuonekana, utakuwa umepewa likizo siku ya kufunga na kupangiwa kazi siku ya Idi.

Mavazi ni rahisi zaidi kuyapata, ila palipo na mashine usalama unahesabika. Kiwanda cha chakula kinaogopa pini kuangukia kwenye nyama, na kiwanda chochote kinaogopa kitambaa kining'iniacho. Basi omba hijabu ya kitambaa kinachonyumbuka, isiyo na pini, iliyochomekwa ndani ya sare na inayoingia chini ya kofia ngumu. Kwa sketi, pendekeza isiyo pana, inayoishia juu ya kifundo cha mguu, au sketi juu ya suruali ya kazi kama dhamiri inaruhusu. Ukienda na suluhisho mkononi, neno "usalama" linabaki na nguvu kidogo.

Na udhu. Kuosha miguu kwenye sinki kunalowesha sakafu, mtu anateleza, na kesho kuna tangazo la kukataza. Tia udhu nyumbani, vaa soksi zinazokubalika kupakwa maji kwa mujibu wa madhehebu yako, au tumia chupa. Muulize imamu wako kabla ya kumuuliza meneja.

Hatua ya tatu: andika

Sheria haikulazimishi kuandika. Ombi la mdomo linatosha kisheria. Lakini la mdomo linakanushwa, la maandishi halikanushwi. Barua pepe ni bora. Kama kampuni ina fomu yake, utaikuta kwa jina la *religious accommodation* (kupewa nafasi kwa ajili ya dini), ijaze, kisha piga picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha.

Ombi lisizidi nusu ukurasa, na liwe na mambo manne: dini yako, sharti linalogongana na kazi, unachoomba, na njia mbadala unazoweza kukubali. Mfano:

*Mimi ni Msabato. Imani yangu hainiruhusu kufanya kazi kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Ratiba mpya inayoanza wiki ijayo imenipangia Jumamosi mchana. Naomba ratiba yangu ibadilishwe kwa sababu ya dini yangu. Niko tayari kufanya kazi Jumapili, siku za sikukuu za kitaifa, au Jumamosi usiku baada ya jua kuzama. Pia niko tayari kubadilishana zamu na mwenzangu. Naomba tuzungumze wiki hii, na naomba jibu kwa maandishi.*

Andika kwanza kwa Kiswahili ukihitaji, kisha mtu mzima anayejua Kiingereza vizuri akusaidie. Usimpe mtoto wa miaka kumi na mbili kazi hii, hata kama Kiingereza chake kinawashinda wote nyumbani. Akikosea akaandika kwamba "unapendelea" kupumzika Jumamosi, ameshakuharibia: kupendelea si dini.

Kwa sababu hiyo hiyo, usichanganye sababu. "Jumamosi ni Sabato, halafu pia sina wa kuniangalizia watoto" ni sentensi ya kweli kwa watu wengi, lakini wakili wa kampuni ataishika nusu ya pili na kuiacha ya kwanza.

Barua ya mchungaji au imamu haitakiwi mwanzoni. Mwajiri anaweza kuomba maelezo zaidi akiwa na sababu ya haki ya kutilia shaka, na hapo barua ya kiongozi wa dini, au hata ya mtu anayekufahamu na kuona unavyoishi, inafaa. Kama unayo tayari, iambatanishe tu, haiumizi.

Lini uombe? Kwenye usaili hulazimiki kutaja dini, na mwajiri haruhusiwi kukunyima kazi ili aepuke kukupa nafasi. Samantha Elauf alikuwa na miaka 17 alipoomba kazi kwenye duka la Abercrombie & Fitch mjini Tulsa mwaka 2008 akiwa amevaa hijabu. Hakusema neno kuhusu dini; duka lilihisi, likamwacha. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema kampuni haiwezi kujitetea kwamba binti hakuomba rasmi, ikiwa nia ya kumkataa ilitokana na hijabu hiyo.

Maoni yangu: subiri upate kazi, kisha omba kabla ya siku ya kwanza. Lakini fomu ya maombi ikiuliza siku ambazo hupatikani, usijaze "siku zote napatikana" kwa hofu. Sheria bado itakulinda, kwani mtu anaweza hata kuokoka baada ya kuajiriwa, ila umempa meneja sababu ya kukuona mwongo kabla hamjaanza.

Hatua ya nne: kikao

Wakikuita, nenda. Mfanyakazi anayekataa kuzungumza anaipa kampuni ushindi wa bure, kwa sababu mahakama zinatarajia pande zote mbili zitafute njia. Omba mkalimani kama Kiingereza kinakupa shida, na usiitikie kwa kichwa jambo ambalo hukulielewa. Kwetu kuitikia ni adabu. Kwenye kumbukumbu za HR ni kukubali.

Kuna jambo moja chungu la kulijua kabla ya kuingia. Hupewi lazima ulichoomba. Katika kesi ya mwalimu Ronald Philbrook wa Connecticut, mwaka 1986, Mahakama ya Juu ilisema mwajiri akitoa njia moja inayofaa amemaliza wajibu wake, hata kama wewe ulipenda nyingine. Ukiomba Jumamosi bila kazi na wakakuhamishia zamu ya usiku Jumapili hadi Alhamisi, kwa mshahara ule ule, hiyo yaelekea inatosha. Lakini njia inayopunguza tatizo bila kuliondoa, mathalani "tutakupa Jumamosi moja kwa mwezi," si suluhisho kamili, isipokuwa kampuni ionyeshe kuwa kwenda mbali zaidi kungeielemea.

Tazamia pia kwamba dakika za swala zinaweza kuwa bila malipo, au ukaambiwa uzilipe kwa kubaki baada ya zamu. Kubali. Ni bei ndogo, tena inazima maneno ya wenzako kwamba unalipwa kwa kusujudu.

Wakisema "hatuwezi," uliza kwa upole maswali haya: Gharama ni kiasi gani? Mmejaribu kutangaza kubadilishana zamu kwa hiari? Kuna nafasi nyingine ndani ya kampuni? Tangu kesi ya Groff mwajiri hatakiwi kupima ombi moja tu na kulitupa. Anapaswa kufikiria njia nyingine pia. Andika majibu yake, tarehe, na majina ya waliokuwepo. Jioni mtumie barua pepe fupi: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa, ulisema…" Asipokanusha, maneno yako yanakuwa na uzito.

Kuna mahali ambapo kampuni ina haki ya kweli kukataa. Mfumo wa ukongwe uliomo kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi ni mmoja: kampuni hailazimiki kumpokonya mwenzako wa miaka ishirini Jumamosi yake ili ikupe wewe wa miezi mitatu. Hatari halisi ya usalama ni nyingine. Mstari wa uzalishaji ambao hauwezi kuendelea watu wengi wakitoka kwa wakati mmoja nao unaweza kuwa sababu, ndiyo maana ni busara Waislamu wa mstari mmoja wapendekeze kutoka kwa kupokezana, wawili wawili au watatu watatu.

Kama kazi yako ina pointi za utoro, yaani alama unazohesabiwa kila unapokosa kazi, hakikisha makubaliano yanasema wazi kwamba kutokuwepo kwako kwa ajili ya dini hakuhesabiwi pointi. Nimeona watu wakipewa ruhusa na supavaiza kwa mdomo huku kompyuta ikiwahesabia pointi kimyakimya, mpaka siku kadi ya mlangoni inapokataa kufungua.

Mambo ya kutofanya: masomo ya Colorado na Nebraska

Desemba 2015, katika kiwanda cha nyama cha Cargill mjini Fort Morgan, Colorado, kulizuka mgogoro juu ya mapumziko ya swala. Wafanyakazi wapatao 150, wengi wao Wasomali, hawakufika kazini kwa siku kadhaa kupinga, wakafukuzwa kwa utoro. Mwaka 2018 Cargill ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kwa wafanyakazi 138, huku ikikana kosa. Chama cha wafanyakazi chenyewe, tawi la Teamsters namba 455, nacho kilikubali kulipa dola 153,000 kwa tuhuma kwamba hakikuwatetea ipasavyo wanachama wake Waislamu.

Kampuni ya nyama ya JBS nayo ilikumbwa na migogoro ya Ramadhani mwaka 2008, Greeley huko Colorado na Grand Island huko Nebraska. Kesi ya Greeley iliisha mwaka 2021 kwa makubaliano ya hadi dola milioni 5.5. Ile ya Nebraska, jaji aliipa ushindi kampuni mwaka 2013, kwa kipimo kile cha zamani, akiona mapumziko yaliyoombwa yangeielemea. Kampuni ileile, Ramadhani ileile, matokeo mawili. Na hata walioshinda walisubiri miaka 13.

Kwa hiyo, usiache kazi kwa hasira na usigome bila ushauri wa wakili. Ukiacha mwenyewe, kampuni itasema hukufukuzwa. Usiswali kwa kujifanya unaenda chooni. Ukigundulika utashtakiwa kwa kuiba muda, na kesi yako ya dini inageuka kesi ya uaminifu. Wala usisaini karatasi ya kuacha kazi eti "ili ulipwe haraka." Omba nakala, sema utaisoma nyumbani.

Ukipangiwa zamu inayogongana na dini kabla ombi halijajibiwa, andika tena, siku moja kabla, kwamba hutaweza kufika kwa sababu ya dini na kwamba uko tayari kwa saa nyingine yoyote. Hapo ukipewa barua ya onyo, barua hiyo yenyewe ni ushahidi wako.

Hatua ya tano: wakikataa au wakilipiza kisasi

Kukuadhibu kwa sababu umelalamikia ubaguzi ni kosa linalojitegemea. Kupunguziwa saa ghafla, kuhamishiwa kwenye chumba cha baridi, maonyo matatu ndani ya wiki baada ya miaka ya kazi safi: orodhesha kila kimoja na tarehe yake. Hifadhi meseji na skrinshoti kwenye simu yako, si kwenye kompyuta ya kazi, maana siku ya kufukuzwa hutaingia tena humo.

Kisha nenda Tume ya Fursa Sawa za Ajira, inayojulikana kama EEOC. Huduma yake ni bure, huhitaji wakili kuanza, na namba yake ya simu ni 1-800-669-4000; omba mkalimani wa Kiswahili. Unaweza kuanza pia kwenye tovuti yake kwa kujibu maswali na kupanga mahojiano. Kumbuka kwamba kujaza maswali hayo bado si kufungua malalamiko. Malalamiko ni ile hati unayoisaini baada ya mahojiano.

Muda ndio unaoua kesi nyingi. Una siku 180 tangu tukio, au 300 kama jimbo au mji wako una chombo chake kinachosimamia sheria ya namna hii. Sehemu nyingi kinakuwepo, lakini hesabu 180 ili ulale salama. Mfanyakazi wa serikali ya shirikisho, na posta imo, ana siku 45 tu za kumwona mshauri wa haki sawa wa ofisi yake. Na hili wengi hawaambiwi: kulalamika kwa HR, au kusubiri chama cha wafanyakazi kikutetee, hakusimamishi saa. Wanaweza kukuzungusha kwa miezi minane kwa tabasamu, kisha mlango ukawa umefungwa.

EEOC inaweza kupendekeza upatanishi. Ukikubali, nenda ukiwa unajua unachotaka: kurudishwa kazini, mishahara uliyopoteza, au ratiba mpya tu. Mishahara iliyopotea haina kikomo maalumu, lakini fidia ya maumivu na ya adhabu ina kikomo kwa pamoja kulingana na ukubwa wa kampuni, kuanzia dola 50,000 kwa yenye wafanyakazi 15 hadi 100, mpaka dola 300,000 kwa yenye zaidi ya 500. Jirani anayekuahidi mamilioni hajaisoma sheria.

Mwisho wa uchunguzi, hata wakisema hawakuona ushahidi, utapewa barua ya haki ya kushtaki. Tangu uipokee una siku 90 kufika mahakamani. Hapo sasa tafuta wakili wa kazi, si yule aliyekufungulia kesi ya hifadhi. Wengi hulipwa asilimia ya fidia ukishinda, na ofisi za msaada wa sheria za mkoa wako husikiliza bure wenye kipato kidogo. Kama umehama nyumba, waarifu EEOC anwani mpya siku hiyo hiyo. Barua ikipotelea kwenye sanduku la zamani, kubishania tarehe ni kazi ngumu.

Ukiwa umeshafukuzwa

Omba mafao ya kukosa kazi ya jimbo mara moja, usisubiri EEOC. Wengi hawaombi wakiamini kwamba aliyefukuzwa kwa "kukataa zamu" hastahili. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Adell Sherbert, Msabato wa South Carolina aliyefukuzwa kiwanda cha nguo kwa kutofanya kazi Jumamosi, kisha jimbo likamnyima mafao. Mahakama ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha mtu achague kati ya dini yake na mafao hayo.

Kwenye fomu, pale panapoulizwa kwa nini uliachishwa, usiandike "utoro" kwa sababu ndivyo barua ya kampuni inavyosema. Andika kwamba uliomba nafasi kwa ajili ya dini yako tarehe fulani, ukakataliwa tarehe fulani, ukafukuzwa tarehe fulani, na ambatanisha ile barua pepe. Ukikataliwa, kata rufaa ndani ya siku zilizoandikwa kwenye barua yenyewe. Katika majimbo mengi ni wiki chache tu, na rufaa husikilizwa kwa simu, na mkalimani hutolewa ukimwomba.